Herufi ya Pili kwenye Chupa

Watu wote wa idara walimwita Mama Supu, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuonja alichokipika. Walaji wake walikuwa bakteria. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiwapikia katika chumba kimoja cha ghorofa ya chini, kati ya stoo na choo cha wanaume. Chumba kilikuwa na sinki mbili, mizani iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha kioo ili hata pumzi isiitikise, na jungu kubwa la mvuke ambalo wenye shule zao huliita otoklevu. Yeye aliliita Bibi, kwa sababu lilikoroma, na ukilisumbua kabla halijamaliza usingizi linakuunguza. Asubuhi alipima unga, chumvi, sukari na dondoo ya hamira. Saa nne Bibi alikuwa anakoroma. Mchana visahani vilikuwa vimepangwa mezani minara minara vikipoa, na chupa za mchuzi mwembamba wa rangi ya chai hafifu, ndiyo supu yenyewe, zimesimama kando kama wanafunzi mstarini.

"Wateja wangu hawana maneno," alikuwa akiwaambia wageni. "Chakula kikiwakataa wanakufa tu. Hakuna anayerudisha sahani."

Mzaha huo watu waliuzoea, na ulipokatika hakuna aliyeshtuka mara moja. Mama Supu alikuwa amefiwa na mama yake mzazi mwezi wa nne.

Alikuwa amemuuguza miaka sita. Kiharusi kilimpiga mzee huyo upande wa kulia, kikamwachia nusu ya uso na ulimi mzima, na ulimi huo haukupata likizo. Alikuwa akilalamikia mto, akilalamikia redio ya jirani, akimlalamikia binti yake anayenuka supu ya wadudu. Mama Supu alimgeuza kila baada ya saa chache, akampaka mafuta visiginoni, akamlisha kwa kijiko, akamsikiliza. Saa za kazi alikuwepo mama mmoja wa mtaani wa kumwangalia. Saa tisa na nusu Mama Supu alikuwa wa kwanza kutoka langoni, mbio mbio, mkoba kwapani, maana wa kwenye kitanda alikuwa anangoja kugeuzwa. Jumatano moja mchana aliitwa kwenye simu ya ofisi. Alimaliza kufunika visahani vilivyobaki, akavua koti, akaenda.

Watu walikuja wengi. Walimwambia pole, na baada ya pole walimnong'oneza kwamba na yeye sasa apumzike, maana alikuwa ameteseka. Aliwaitikia wote. Siku ya nne alirudi kazini. Hakulia. Alingoja alie kama mtu anavyongoja chafya, uso ukiwa tayari, na chafya haikuja. Chakula chake mwenyewe alikitia chumvi mara mbili na bado hakikuwa na ladha. Saa tisa na nusu aliendelea kutoka mbio mbio, mkoba kwapani, na alipofika nyumbani akawa anasimama koridoni na ufunguo mkononi, hana pa kuupeleka mwendo wote ule aliokuja nao.

Kwenye idara hiyo alikuwepo binti mmoja, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, aliyeitwa Miwani. Alipewa jina hilo kwa sababu kila siku alitafuta miwani yake ilhali ipo utosini. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kufuta meza, na kwa kuwa kazi yake yote ilitegemea chakula cha aina ya pekee, alikuwa akishuka jikoni kwa Mama Supu mara tatu kwa siku.

Mwanzoni kabisa, kabla ya msiba, alikuwa amemweleza kazi yenyewe.

"Bakteria amevaa ukuta, Mama. Ukuta ndio unaomshika asipasuke. Akitaka kukua anaupenyezea matofali mapya, kidogo kidogo, bila kuacha ufa. Akifika urefu wake anajenga ukuta mwingine katikati, anakatika, wanakuwa wawili. Sasa hawa wa kwangu wana kasoro. Kuna tofali moja, aina ya alanini, hawawezi kujitengenezea. Lazima wewe uwawekee kwenye chakula."

"Nisipoweka?"

"Watataka kukua bila matofali. Watapasuka."

"Haya. Na ile chupa ndogo ya kwenye friji?"

"Hilo ni tofali la bandia. Linafanana na lenyewe, ila limeongezwa mkia. Nataka nione wakilijengea, wataendelea kukua? Watagawanyika?"

"Na wao hawatajua kwamba si lenyewe?"

"Hawajui. Wanapokea tu."

Miwani alivua viatu vyake akaviweka juu ya stuli ili aeleweke, na Mama Supu akamwambia avitoe haraka kwenye stuli yake. "Alanini ni kama viatu hivi," Miwani aliendelea huku akivivaa. "Kuna ya kushoto na ya kulia. Wanayoikosa hawa ni ya kulia peke yake. Kwenye lebo utaona herufi D. Ukiona D na L pamoja, hiyo ni mchanganyiko, nusu kulia, nusu kushoto. Hiyo tuirudishe stoo."

Mama Supu aliandika maneno hayo kwenye daftari la jiko, akayapigia mstari. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Kuna wakati alimpandisha ngazi mwanafunzi mmoja hadi ghorofa ya tatu na kumshusha tena kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana kwenye karatasi ya vipimo.

Miezi mitano baada ya mazishi, chupa ya alanini iliisha. Bwana Stoo alileta nyingine ndani ya boksi, akamsainisha, akaenda zake akipiga mluzi. Chupa ilikuwa nyeupe, kifuniko cha buluu, sawasawa na ile ya kwanza. Mama Supu aliigeuza asome. Ilikuwa na herufi D, halafu kistari, halafu L.

Aliiona. Alisimama mbele ya mizani na chupa mkononi, na akili yake ikafanya kazi kama kawaida: herufi ni mbili, nusu ya unga huu haifai, irudishwe stoo. Wazo lilikuja lote, limekamilika, na likapita kama tangazo la kituoni linalowahusu abiria wa gari lingine. Akafungua kifuniko, akapima uzito uleule wa siku zote, akauyeyusha, akauchuja, akauongeza kwenye supu iliyokwisha kupoa. Akaandika tarehe na uzito kwenye daftari. Akaosha kijiko.

Hakuwa na kinyongo na Miwani. Siku hiyo hakuwa amechoka kuliko siku nyingine. Baadaye watu walimtafutia sababu, wengine kwa nia njema kabisa, na yeye mwenyewe alijitafutia akakosa. Kusema kungemtaka apande ngazi, agonge mlango, afungue mdomo, na mambo hayo yote yalikuwa mbali, na yeye hakuona sababu ya safari.

Wiki ya pili Miwani alishuka ngazi karibu aanguke.

"Mama, njoo uone." Akamsogezea simu. Kwenye picha ya kijivu, mahali palipopaswa kuwa na vijiti vifupi vifupi, palikuwa na nyuzi ndefu zilizopinda, kama sweta lililofumuliwa. "Nimewapa tofali la mkia kidogo tu, kidogo mno, na tazama. Wanakua lakini hawakatiki. Huyu mmoja ana urefu wa wenzake kumi."

"Na wale ambao hukuwapa mkia?"

"Wale wazima. Wanasuasua kidogo, nadhani kabati la joto ninamowakuzia limeanza tena vituko vyake."

Kabati la joto lilikuwa na sifa mbaya idarani kote, na kosa lolote lilibandikwa hapo. Mama Supu alijua kwamba safari hii kabati lilikuwa linasingiziwa. Alijua kama unavyojua leo ni siku gani. Akasema, "Hongera, mwanangu," akageukia sinki.

Mambo yakaenda mbio. Profesa, mkubwa wa maabara, mtu mkimya aliyevaa sweta moja mwaka mzima, alishuka mwenyewe hadi jikoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, hiyo mikono yako," kisha akapanda tena. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Muhtasari wa matokeo ulitumwa kwenye mkutano mkubwa wa wanasayansi, ukakubaliwa, na siku habari zilipofika walikunywa chai kwenye chumba cha mikutano. Miwani alisimama na kikombe, akasema kwamba hao bakteria wana mama wawili, na mmoja wao yuko pale karibu na birika. Watu wakapiga makofi. Mama Supu alitabasamu mahali pa kutabasamu. Makofi yalimfikia kama mvua inayonyesha kwenye bati la jirani.

Wiki ya saba Miwani alikuja jikoni na kompyuta yake, akakaa kwenye stuli ile ile, akaiweka magotini. Alikuwa anaandika makala yenyewe na amefikia sehemu ya kutaja vifaa.

"Mama, nisomee lebo ya alanini. Hawa wahariri wanataka kila kitu, hadi kabila la chupa."

Mama Supu alifungua kabati akaitoa. Akasoma namba ya chupa, tarakimu kwa tarakimu. Miwani akachapa. Akasoma tarehe ya kuisha muda. Miwani akachapa.

"Halafu jina. Alanini, D, L."

Vidole vya Miwani vilisimama. "Umesemaje?"

"D. Kistari. L."

"Hebu soma tena."

Akasoma tena, kwa sauti ileile. Miwani aliweka kompyuta sakafuni, akaivuta miwani kutoka utosini, safari hii bila kuitafuta, akaichukua chupa. Aliisoma mara mbili. Bibi alikuwa anakoroma nyuma yao.

"Imefunguliwa lini?"

Mama Supu alimfungulia daftari. Tarehe ilikuwepo, kwa mwandiko safi. Miwani alihesabu wiki kwa vidole, akahesabu upya.

"Basi wote walikuwa kwenye nusu posho," alisema, na ilikuwa kama anazungumza na ukuta. "Wote. Ndiyo maana wale wazima walikuwa wanasuasua. Ndiyo maana mkia uliwashinda kirahisi namna ile. Matofali ya kweli yalikuwa machache, ya bandia yakajaza nafasi. Sikugundua kitu mimi. Niliwanyima chakula." Akapangusa uso kwa mkono wa koti. Halafu alimtazama Mama Supu na akalazimisha tabasamu. "Lakini herufi zenyewe hizi, Mama, ni ndogo kama mayai ya chawa. Hata mimi nisingeziona. Hukuona, si ndiyo?"

Alikuwa amemfungulia mlango. Mtu yeyote mwenye akili timamu angepita.

"Niliona," Mama Supu akasema.

"Umeona leo."

"Niliona siku ile, kabla sijapima."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

Mama Supu alifikiri kwa makini, kwa sababu aliona kwamba binti huyu anastahili jibu. "Sijui, mwanangu. Niliona, halafu sikuona kama ni kitu."

Miwani hakupiga kelele. Aliokota kompyuta, akaitia kwenye mkoba, mkoba ukamkatalia kufunga, akauacha wazi. Chupa aliiacha mezani. Ngazi alizipanda polepole, moja moja, kama mtu mzima sana.

Kesho yake Profesa alimwita. Ofisi yake ilikuwa na kiti kimoja cha mgeni na kilikuwa kimejaa vitabu, akavihamishia sakafuni kwa mikono yake mwenyewe.

"Nimewaandikia wa mkutano kwamba tunajitoa," alisema. "Makala tulikuwa bado hatujaituma. Hiyo ndiyo nafuu yetu."

Mama Supu akaitikia kwa kichwa.

"Nilipokuwa mwanafunzi hapa, ulinipandisha ngazi na kunishusha kwa ajili ya nukta. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Profesa."

"Nilikuchukia wiki nzima. Tangu siku hiyo sijasahau nukta." Alitoa kalamu mfukoni, akaitazama, akairudisha. "Yule mama yuko wapi?"

Profesa alimpa karatasi aandike maelezo, maana utaratibu ndivyo ulivyo, na Mama Supu akayaandika palepale, mistari mitatu: nini aliona, tarehe gani, na kwamba hakumwambia mtu. Profesa akasoma.

"Hukuweka hata neno la kuomba radhi."

"Ningeliandika bila kulihisi."

Idarani wengi walidhani Mama Supu amekwisha kumwaga unga. Hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo, na akaamriwa achukue wiki mbili za likizo, ya kwanza ya kupumzika kwa miaka mingi, kwa sababu siku zake zote za mapumziko zilikuwa zimekwenda kwenye hospitali za mama yake. Aliikunja barua, akaiweka kwenye droo ya jikoni pamoja na vijiko, akaenda nyumbani.

Mke wa kaka yake alikuwa na desturi ya kumtembelea kila Jumapili. Huyu wifi alikuwa na mwili mkubwa na sauti iliyouzidi mwili. Akiingia alivua viatu, akachukua kiti cha dirishani, na habari za mtaa mzima zikaanza kumwagika.

"Wifi, nimekuja kukukagua," alisema Jumapili hiyo. "Umekonda hadi nguo zimekuwa za kuazima. Kaka yako naye amenenepa. Nadhani mmegawana vibaya."

Mama Supu alimmiminia chai, na katikati ya chai alimsimulia kisa cha chupa, kwa sauti ambayo angetumia kusema kwamba maji yamekatika. Wifi aliacha kucheka. Aliweka kikombe chini.

"Yule binti amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Anakudharau? Anajifanya msomi?"

"Hapana. Ni mtoto mzuri."

"Ungeniambia unamchukia ningekuelewa," Wifi alisema. "Chuki naijua, mimi nina majirani. Lakini hili sijui ni jambo gani." Sauti yake ikashuka, jambo la ajabu kwake. "Acha nikwambie ukweli, na ukitaka unifukuze. Siku ya mazishi nilikufuata nyuma siku nzima. Nilikuwa nasema, huyu akianguka nimdake. Hukuanguka. Ulikuwa unapanga viti. Kaka yako amelia hadi kwikwi zimemshika, ukamletea maji kama mhudumu wa hoteli, ukaenda kupanga viti vingine. Watu wakanisifia, wifi yako jasiri. Na mimi nikasema ndiyo, jasiri. Kumbe ulikuwa umeondoka, na hukuaga mtu."

Mama Supu alitazama chai yake.

"Nina hasira na wewe," Wifi akasema. "Miezi yote hii nakuja hapa na vichekesho kama chizi. Nakwambia fulani kaachwa, unasema aha. Nakwambia fulani kazaa mapacha, unasema aha. Nikitoka hapo nje naumwa kichwa."

"Nifanye nini, wifi?"

"Mimi si daktari. Lakini kazi ya yule mtoto umeiharibu, nenda ukairudie. Hata kama huhisi kitu. Mikono si bado unayo?"

Likizo ilipokwisha, Mama Supu aliingia jikoni saa moja asubuhi akamkuta Miwani amekwisha fika. Sakafu ilinata. Ndani ya Bibi chupa mbili zilikuwa zimefurika na kuungua, na mezani palikuwa na visahani hamsini vya chakula kilichokataa kuganda, kinacheza cheza kama macho ya samaki. Miwani alikuwa anapika mwenyewe tangu wiki mbili zilizopita. Hakuinua kichwa.

"Nimekuja kupika," Mama Supu alisema.

"Napika mwenyewe."

Mama Supu alikichukua kisahani kimoja, akakiinamisha, chakula kikateleza hadi ukingoni. "Hiki kilikuwa kichachu mno kabla hujakichemsha. Uchachu ukizidi, kinapoteza nguvu ya kuganda. Pima kwanza, rekebisha, ndipo umpe Bibi."

Miwani alisimama hapo na mwiko mkononi, macho mekundu kwa mvuke au kwa jambo lingine. Kisha alisogea hatua moja pembeni. Ilikuwa hatua ndogo, lakini nafasi ya mtu mmoja mbele ya mizani ilipatikana.

Wakafanya hivyo miezi mitatu. Chupa mpya ilikuja ikiwa na herufi moja peke yake, na kila siku kabla ya kupima waliisoma wote wawili kwa sauti, kwanza Miwani, halafu Mama Supu, na wote wakatia sahihi kwenye daftari. Hawakuwa na mazungumzo mengine. Bwana Stoo aliwapa jina la Mashahidi wa Chupa, na hakuna kati yao aliyecheka. Mama Supu alipika vizuri kama alivyopika siku zote. Alikuwa bado anafika nyumbani na kusimama koridoni, na chumvi bado haikumfikia.

Mwezi wa pili wa kazi hiyo, asubuhi moja, Miwani aliacha chupa ya alanini wazi kando ya sinki wakati Bibi anatoa mvuke.

"Funga kifuniko," Mama Supu akasema.

Miwani alikuwa anaandika, hakusikia.

"Binti, nimesema funga kifuniko. Unga huu unavuta maji. Ukivuta maji mizani itakudanganya, utapima maji ukidhani ni tofali, na wale wadudu wako watarudi kwenye nusu posho, na miezi yote hii tutaimwaga chooni. Umekaa hapo na kalamu yako kama mgeni wa harusi. Unataka tuanze upya mara ya tatu? Mara ya tatu mimi sina."

Sauti ilikuwa imepanda hadi Bwana Stoo akachungulia mlangoni, akaona hali, akajiondokea. Masikio ya Mama Supu yalipata moto, akalazimika kuitafuta stuli na kukaa. Halikuwa jambo zuri. Ilimuuma kama mguu uliokufa ganzi damu inaporudi.

Miwani alifunga kifuniko, akakikaza mara mbili. "Umenigombeza," alisema.

"Nimekugombeza."

"Hukuwa umenigombeza mwaka huu wote. Hata siku nilipovunja mizani ndogo." Akaongeza, "Nilikuwa nimeanza kukuogopa, Mama."

Baada ya dakika kumi hali ile ilimpita, na Mama Supu akarudi alikokuwa. Siku zilizofuata ilikuja tena mara moja moja, kwa vitu visivyo na maana, kama Bwana Stoo kumpigia mluzi sikioni, au lifti kukwama. Kila mara ilikuwa hasira. Hakuna kitu kingine kilichokuja kwanza.

Matokeo ya mara ya pili yalikuwa madogo. Walipopewa posho kamili, bakteria walilipokea tofali la mkia lakini kiasi kidogo hakikuwafanya kitu, waliendelea kukua na kukatika kama siku zote. Ilibidi Miwani aongeze mara nane ndipo baadhi yao wakaanza kurefuka, na hata hapo si wote. Aliporudisha chakula cha kawaida, wengi wa wale warefu walianza kujikata tena.

Siku moja alasiri alimwita Mama Supu juu, maabara yenyewe, akamkalisha mbele ya hadubini. Katika miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumwalika kutazama walaji wake. Alihangaika na jicho lipi afumbe. Kisha akawaona: vijiti vifupi vingi vilivyotulia, na kati yao uzi mmoja mrefu uliokuwa na viuno vyembamba sehemu mbili tatu.

"Huyu anakatika?"

"Anakatika. Amechukua saa mbili kuanza."

"Na yule wa pembeni?"

Miwani akainama akatazama. "Yule hajaanza. Wengine hawaanzi kabisa, sijui kwa nini. Nimewaandika hivyo hivyo."

Mama Supu alitazama hadi jicho likamtoka machozi ya kukodoa, akampisha.

Makala ilitoka, fupi, kwenye jarida la kawaida. Profesa aliisoma akasema ni ndogo lakini imesimama. Miwani alitetea tasnifu yake mwishoni mwa mwaka uliofuata, akapata kazi mji mwingine. Siku ya kuaga alisimama mlango wa jikoni na mkoba wake ambao bado ulikuwa haufungi.

"Sijakusamehe kabisa, Mama," alisema. "Nilitaka nikwambie kabla sijaondoka, nisije nikaonekana mnafiki. Kuna asubuhi nikiamka naikumbuka ile chupa na nakuwa na hasira tena."

"Sawa, mwanangu. Una haki."

"Ila huko niendako sijui nani atanipikia." Akamkumbatia kwa haraka, koti lake likinuka supu, akaenda.

Jumapili iliyofuata Wifi alikuja kama kawaida. Alikuwa na kisa kirefu cha jirani na fundi bomba, na alikuwa amefika katikati Mama Supu alipomkatiza.

"Wifi, siku ya mazishi ya mama. Nani alizungumza?"

Wifi alimtazama. "Ulikuwepo."

"Nilikuwepo lakini sina kitu. Najitafutia siku ile, naona viti tu. Nani alikuja? Walisema nini? Nisimulie."

"Yote?"

"Kuanzia asubuhi."

Wifi alimwacha fundi bomba palepale alipokuwa. Alijipanga kwenye kiti, akaanza na asubuhi, nani alifika wa kwanza, nani alichelewa na kwa kisingizio gani. Alisimulia habari za bibi mmoja mwembamba, aliyewahi kufanya kazi na marehemu kiwandani, aliyesimama akasema kwamba marehemu alikuwa na mdomo mchafu kuliko msimamizi wa zamu, na kwamba hakuna siku wasichana wa zamu ile walinyimwa mapumziko yao akiwepo yeye. Watu walicheka, Wifi alisema, walicheka na wengine walikuwa wanalia hapo hapo.

Mama Supu alisikiliza, mikono magotini. Wifi akasita.

"Unalia?"

"Hapana," alisema, na ilikuwa kweli. "Endelea. Ulisema kaka alikuwa anaitafuta karatasi ya hotuba."

"Ah, karatasi. Amepekua mifuko yote, mbele za watu, amekaribia kuvua koti. Kumbe nilikuwa nimeifua ndani ya suruali siku moja kabla."

"Hukuwahi kumwambia?"

"Hadi leo anadhani aliiacha kwenye teksi," Wifi alisema, akajimiminia chai iliyobaki. "Basi akasimama bila karatasi. Ngoja nikwambie alivyoanza."